Mafunzo Niliyopata Nikitafiti Utengamao Ufukweni mwa Rumonge

Ninamwandikia mwalimu kijana wa kine (yaani tiba ya viungo), wa uuguzi au wa utabibu ambaye ameshaamua kufanya utafiti wake hapa hapa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Sina haja ya kumshawishi. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha hesabu iliyoonyesha kuwa watu wapatao bilioni 2.4 duniani, karibu mtu mmoja kati ya kila watatu, wana hali ya kiafya ambayo ingepata nafuu kwa huduma za utengamao, yaani zile zinazomrudishia mtu uwezo wake baada ya ugonjwa au ajali. Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa Utengamao 2030 mwaka 2017, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuimarisha huduma hizo ndani ya mifumo ya afya. Maazimio tunayo. Tunachokosa ni ushahidi kutoka kwa watu wanaoishi kama watu wa Rumonge: wavuvi wa usiku, wanaume wanaopanda michikichi na panga kiunoni, akina mama wanaoanika ndagala, vijana wanaoshuka milima kwa baiskeli zilizosheheni ndizi.

Nimefundisha na kutafiti kati ya Bujumbura na Nyanza-Lac kwa miaka mingi. Niliyojifunza hayana uzito sawa, kwa hiyo mengine nitayaeleza kwa urefu na mengine nitayapitia haraka.

1. Muulize mgonjwa anataka kurudi kufanya nini

Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi, wa upande wa Minago, aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia. Alijiunga na kikundi chetu cha mazoezi, akaja kwa bidii, na kila tulipompima alikuwa ameimarika. Tulikuwa na mstari wa mita kumi uliochorwa sakafuni, saa ya kuhesabia sekunde, na jaribio la kutembea dakika sita. Kwenye karatasi zetu alikuwa amefaulu. Siku ya kipimo cha mwisho nikamuuliza, "Mzee, mwenyewe unajionaje?" Akanijibu kwa upole, "Daktari, kutembea natembea. Lakini mtumbwini bado sijaingia."

Nikamwomba anipeleke ufukweni anionyeshe. Mtumbwi ulikuwa majini, maji yakifika magotini. Ili uingie, unashika ukingo kwa mikono yote miwili, unauacha mguu mmoja kwenye mchanga unaozama chini ya uzito wako, kisha unauinua mguu wa pili hadi usawa wa nyonga huku chombo kikiyumba na wimbi. Ukishaingia bado kuna kamba. Kuvuta wavu kunataka vidole vinavyofumba kwa nguvu na kufumbua kwa wakati, kwa sababu kidole kisichofumbua huburutwa na kamba. Mzee alinionyesha haya yote kwa mkono wake mzima, kisha akautazama ule mwingine. Katika fomu yetu hapakuwa na swali hata moja linalogusa jambo lolote kati ya hayo.

Wiki iliyofuata wanafunzi walienda kupima kimo cha ukingo wa mtumbwi kwa utepe wa fundi cherehani. Seremala akatutengenezea sanduku la mbao la kimo hicho, na kuanzia hapo wavuvi wa kikundi wakajizoeza kulivuka wakiwa wamesimama juu ya godoro laini. Vidole navyo vikapewa kamba halisi ya wavu badala ya mpira wa kuminya.

Kila mwanafunzi wetu amekariri kwamba mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa mwaka 2001, unaofupishwa ICF, hutenganisha kazi za mwili, shughuli za mtu na ushiriki wake katika maisha. Mimi mwenyewe niliufundisha kwa muda mrefu. Maana ya neno ushiriki niliiona siku ile, miguu ikiwa majini. Ukichagua kipimo, tafuta kilichojengwa juu ya shughuli za watu. Mfano mzuri ni ACTIVLIM-Stroke, kipimo cha watu waliopata kiharusi kilichochapishwa mwaka 2012 na Batcho, Tennant na Thonnard baada ya kufanya kazi na wagonjwa wa Ubelgiji na wa Benin. Kazi ile ilinipa moyo sana, maana inaonyesha kuwa mtu wa Cotonou na mtu wa Brussels wanaweza kupimwa kwa rula moja ikiwa maswali yamechaguliwa kwa uangalifu. Hata hivyo, chini ya kipimo chochote utakachotumia, acha nafasi ya mgonjwa kutaja shughuli anazozitamani yeye. Utashangaa ni mara ngapi nafasi hiyo itakufundisha zaidi ya ukurasa mzima ulioitangulia.

2. Mazoezi mengi hufanyika usipokuwepo

Bibi mmoja wa Kizuka alikuwa akija kituoni kwa nadra kuliko wenzake wote, na mkono wake ukawa unafanya vizuri kuliko mikono ya wengi. Jambo hilo lilitutatiza hadi tulipomtembelea. Mjukuu wake, msichana wa shule ya msingi, alikuwa amepanga kokwa za chikichi kwenye mkeka. Bibi akinyoosha mkono na kurudisha, kokwa moja inahamia upande wa pili. Zikiisha kuhama zote, bibi anapumzika na mjukuu anasoma daftari lake. Karatasi ya maelekezo tuliyokuwa tumempa, iliyochapwa kwa Kifaransa, ilikuwa imekunjwa vizuri na kuchomekwa kwenye dari.

Wenzetu wa Uganda waliligeuza jambo la namna hii kuwa utafiti. Julius Kamwesiga na wenzake wa Kampala na wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walijaribu programu inayoitwa F@ce, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Mtu aliyepata kiharusi huchagua malengo matatu ya shughuli zake za kila siku, pamoja na familia yake. Kila asubuhi simu humkumbusha kwa ujumbe mfupi, na jioni anajibu kwa tarakimu jinsi alivyofanikiwa. Simu ni ya kawaida tu, na hapa kwetu simu imefika hata pale ambapo mtaalamu wa kine hajawahi kukanyaga. Soma makala ile kwa makini ukipanga kazi yako.

Nina sharti moja ninalolisimamia kwa nguvu. Ukiikabidhi familia kazi, pima pia hali ya yule aliyebebeshwa. Mara nyingi huwa ni mwanamke, na mara nyingine huwa ni msichana anayeacha shule kimyakimya ili kumlea mgonjwa. Mjukuu wa yule bibi alibahatika, maana shule yake ilikuwa jirani na saa zilitosha. Nimeona nyumba ambako mgonjwa alipata nafuu na binti wa nyumba akapoteza mwaka wa masomo. Utafiti unaohesabu lile la kwanza na kunyamazia la pili haujasema kweli yote, hata kama kila tarakimu ndani yake ni sahihi.

3. Kalenda ya ziwa ndiyo kalenda ya utafiti

Rejesta yetu ya mahudhurio ilikuwa na matundu. Kuna wiki watu walijaa, na kuna wiki walitoweka kana kwamba wamekubaliana. Tulishaanza kujadili namna ya kuongeza ari ya wagonjwa. Mwanafunzi mmoja wa Nyanza-Lac, mtoto wa mvuvi, akaitazama ile karatasi kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hawa wako kazini. Wiki hizi ni za giza."

Wavuvi wa usiku hukamata ndagala na mukeke kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa zinakosa nguvu ya kuwavuta samaki, na mitumbwi inapumzika. Giza likirudi wanarudi majini, na asubuhi wanalala. Hata ambaye hajaweza kupanda chombo ana kazi nchi kavu, kama kushona nyavu, kuangalia taa na kupokea samaki alfajiri. Sisi tulikuwa tunawaita saa tatu asubuhi katika siku za giza. Tulipohamishia vipimo vyote kwenye siku za mwezi mpevu, matundu mengi yalizibika bila mtu yeyote kuongezewa ari.

Tangu hapo, kabla ya kuandika ratiba, huwa tunakaa na watu wa mahali na kuuliza. Mavuno ya chikichi yanapamba moto lini? Ramadhani itaangukia lini, maana Rumonge ina Waislamu wengi, na mazoezi mazito alasiri ya mfungo ni kumtesa mtu? Mvua kubwa huja lini, na barabara ya RN3 hukatika upande gani? Ongeza uhaba wa petroli, ambao katika miaka hii umewafanya watu wasimame barabarani tangu asubuhi wakingoja gari lisilokuja. Mtu mwenye mguu dhaifu hawezi kusimama hivyo. Ongeza na ziwa lenyewe. Maji yalipopanda mwaka 2024 yaliingia kwenye nyumba za mwambao, na waliokuwa kwenye orodha zetu wakahamia kwa ndugu milimani.

Katika makala za wenzetu wa ng'ambo, watu kama hao huandikwa kwenye mstari mmoja: waliopotea katika ufuatiliaji. Wewe waandikie aya nzima. Eleza ni nani hakurudi na kwa nini, kwa sababu mpango wa tiba unaowafaa tu wanaoishi jirani na lami hautaufaa mwambao huu. Nauli nayo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa mgonjwa na kwa anayemsindikiza. Mfadhili akiuliza kwa nini fungu hilo ni kubwa kuliko la kompyuta, mweleze umbali kutoka Kigwena hadi mjini na umwombe auwazie kwa magongo.

4. Kifaa kizuri ni kile ambacho fundi wa hapa anaweza kukitengeneza tena

Hili ni fupi. Watoto wanaozaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani hutibiwa kwa njia ya Ignacio Ponseti, daktari aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, usiku, kwa miaka kadhaa. Asipovaa, mguu hurudi ulikotoka. Kiatu cha kuagizwa kutoka mbali ni ghali, na mtoto hukua. Nchini Uganda Michiel Steenbeek alibuni kiatu kinachotengenezwa kwa ngozi na chuma vinavyopatikana katika karakana za kawaida, na leo kinajulikana kwa jina lake katika nchi nyingi.

Nilikishika kwa mara ya kwanza mezani kwa fundi wa karakana ya viungo bandia. Alikuwa akishona upande wa nyuma na kuacha tundu dogo kisiginoni. Nilidhani ni kasoro. Akaniambia ni la mama, achungulie aone kisigino kimekaa mahali pake. Sikuwa nimelisikia darasani. Ukibuni chochote, sanduku la kupandia au kiti cha chooni, mpe fundi wa Rumonge akitengeneze cha pili bila wewe kuwepo. Akikwama, kazi yako ya ubunifu haijaisha.

5. Kutopata tofauti nako ni matokeo

Mwaka 2014 jarida la BMC Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Burundi, ukiongozwa na Wietse Tol. Watoto wa shule walioguswa na vita walipewa msaada wa kisaikolojia wa vikundi, na watafiti wakawalinganisha na watoto waliokuwa bado wanangoja zamu yao. Kwa jumla, tofauti iliyotarajiwa haikuonekana. Hata hivyo, kwa baadhi ya watoto, kutegemea umri na hali ya nyumbani kwao, kulikuwa na dalili za nafuu. Watafiti wale wangeweza kuyafungia matokeo kabatini. Waliyachapisha yakiwa hivyo hivyo, na hatua ile nimeitumia darasani kama funzo la ujasiri kuliko nilivyotumia utafiti wowote uliofaulu.

Nilikuwa na mwenzangu aliyetaka kuacha kuandika kwa sababu mazoezi aliyoyapima hayakupunguza maumivu ya mgongo kama alivyotumaini. Tulikaa na data zake jioni moja. Maumivu hayakuwa yamepungua, ni kweli. Lakini watu walikuwa wanalala vizuri zaidi, na wengi walikuwa wameacha kuogopa kuinama. Tusingeyajua hayo kama asingeuliza juu ya usingizi na hofu tangu siku ya kwanza. Ustawi wa mtu una milango mingi, na ukigonga mmoja tu utaandika kuwa nyumba haina mtu. Katika nchi iliyopitia tuliyoyapitia, ambako wengi wa mwambao huu waliishi ukimbizini Tanzania tangu 1972 na kurudi wakakuta mashamba yao yana watu wengine, swali la usingizi halipaswi kukosa kwenye fomu ya mgongo.

6. Rudi na majibu, kisha nyamaza usikilize

Rumonge ilishatoa mchango katika sayansi kabla yetu. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1992 ulichunguzwa hapa, na matokeo yakatoka katika Lancet mwaka 1997: kuoga ziwani na kunywa maji yake vilihusishwa na ugonjwa. Makala ile imenukuliwa na wataalamu wa nchi nyingi. Jambo ninalowauliza wanafunzi wangu ni hili: yule mama aliyeulizwa alioga wapi na alikunywa nini, anapata nafasi gani ya kuisoma?

Sisi tulianza kurudisha matokeo kwa mikutano chini ya mwembe, kwa Kirundi na Kiswahili, tukiwa na picha kubwa zilizochorwa kwa mkono. Nilidhani ni kazi ya heshima, ya kuwashukuru watu. Katika mkutano mmoja tulieleza kuwa wanaume wa kikundi chetu walikuwa wameongeza mwendo wa kutembea kuliko wanawake, na tukatoa maelezo yetu ya kitaalamu, uzito wa mwili na shinikizo la damu. Mama mmoja akainuka. Alikuwa muuza mawese, na upande wake wa kushoto ulikuwa bado mzito.

"Daktari," akasema, "mwanaume akiugua anakaa, sisi tunampikia. Mimi nilipougua niliendelea kupika. Nikija kwenye mazoezi yako nimeshachoka."

Tuliporudi kwenye daftari za nyumbani na kuwauliza wanawake saa zao za asubuhi, tukaona alichosema. Walikuwa wamechota maji, wamefagia, wamewasha moto, wengine wamekwenda sokoni na kurudi, kabla ya kufika kwetu kupimwa wanavyoweza kutembea. Aya ya uchambuzi katika makala yetu iliandikwa upya kutokana na maneno ya mama yule, na mazoezi ya wanawake yakahamishiwa alasiri. Kwa hiyo fanya mkutano wa aina hii kabla makala haijatumwa, wakati bado unaweza kubadilisha kitu. Na usiwe mwepesi wa kujibu. Watu wa hapa humwachia mgeni nafasi ya kusema hadi amalize, na ukijaza kimya chote kwa maelezo yako watakushukuru na kwenda zao.

7. Mwalimu ana wanafunzi

Wengi wetu tunalalamika kwamba kufundisha kunatunyima muda wa kutafiti. Mimi sasa naona vinginevyo. Nindorera na Nduwimana wa Burundi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, na Oyéné Kossi wa Benin, wameandika juu ya mazoezi na kutembea kwa watu waliopata kiharusi na wenye maumivu sugu ya mgongo. Mada zao zinahitaji miguu, uwanja, saa na watu waliofundishwa kupima kwa namna moja. Watu hao ndio wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu na wa nne. Wanakosa mazoezi ya kupima sawasawa tu. Kabla ya kwenda ufukweni, wapange wawili wawili wampime mtu mmoja bila kuonana, kisha linganisheni. Mkitofautiana, rudieni hadi mkubaliane.

Ombi la kibali lipeleke kwa Kamati ya Kitaifa ya Maadili mapema, na fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti mbele ya mtu ambaye si mtaalamu. Majina ya wanafunzi waliofanya kazi ya kweli yaandikwe kwenye makala, na mkubaliane mpangilio wake kabla ya data kuanza kuja. Yule kijana wa Nyanza-Lac aliyesoma rejesta yetu aliandikwa kama mwandishi, na ilikuwa haki yake.

Yapo maswali ambayo ningeyachukua leo kama magoti yangu yangekuwa ya kijana. Mpanda mchikichi akianguka na kuvunjika nyonga, akishatibiwa anarudi kwenye kazi gani, na nani anamlipia miezi ya kukaa? Mikono ya wanawake wanaokamua mawese inachakaa vipi? Mwendesha baiskeli wa mizigo apewe mafunzo gani ya breki na ya mgongo kabla hajafika kwetu kwenye machela? Chagua moja. Anza kwa kwenda asubuhi, bila fomu, ukakae nao kazini.